Mthamini alifika Ipuli: kazi nyota nne, faida bado naitafuta

Mwezi wa tatu dalali mmoja wa hapa Tabora alinikuta nimekaa chini ya mwembe wangu. Akanipa shikamoo, akasifia kivuli, halafu akasema, "Mzee wangu, hapo ulipo umekalia milioni tisini." Mimi nilikuwa nimekalia kigoda. Usiku ule sikupata usingizi, nikawa nahesabu dari.

Kiwanja hiki nilikinunua mwaka 1999 kwa laki mbili na nusu, nikiwa bado karani wa reli. Nyumba niliijenga kwa miaka sita, tofali za kuchoma, chumba kwa chumba kadiri mshahara ulivyoruhusu. Kwa hiyo milioni tisini si neno la kumwambia mtu kama mimi halafu ukaondoka. Lakini dalali anakula asilimia ya mauzo, na ukubwa wa bei ndio ukubwa wa ndoto anayokuuzia. Nikatafuta mthamini, yaani mtaalamu wa kukadiria thamani ya nyumba na ardhi, aliyesajiliwa na bodi. Kampuni siitaji, maana nitawasema kidogo.

Walianza na laki nne na nusu, tukashuka hadi laki tatu na nusu. Walikuja vijana wawili na futi, kifaa cha kusoma mahali kiwanja kilipo kwenye ramani, na daftari. Mbwa wangu alichana suruali ya mmoja wao, nikamlipia fundi cherehani. Kazi yenyewe waliifanya kwa moyo. Walipima kila chumba, wakapanda darini kuangalia mbao, wakauliza bati lilibadilishwa lini, wakapiga picha hadi choo cha zamani cha uani ambacho hata wageni siwaonyeshi. Waliomba hati na risiti za pango la ardhi. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mmoja alitembea mtaani kuulizia viwanja vilivyouzwa karibuni vimekwenda kwa kiasi gani hasa, siyo bei inayotajwa kijiweni.

Lawama yangu ni hii: waliahidi siku saba, zikawa kumi na sita. Ripoti ilipofika, ukurasa wa picha ulikuwa na sebule ya mtu mwingine, ina makochi mekundu ya ngozi. Mama watoto aliitazama kwa muda mrefu akauliza kama ninayo nyumba nyingine. Waliirekebisha bila malipo, lakini nyota moja nimewakata hapo hapo.

Sasa namba. Thamani ya soko ni milioni 74. Thamani ya kuuza kwa haraka, ambayo benki huitazama sana, ni milioni 52. Ya dalali haimo popote. Ndani ya hiyo 74, kiwanja ni 40, majengo ni 34 baada ya kuondoa uchakavu. Nikamuuliza kijana, uchakavu wa nini, nyumba si imepanda bei? Akanijibu kwa adabu: "Mzee, nyumba yako inazeeka kila mwaka. Iliyopanda ni ardhi." Maji ya Ziwa Victoria yamefika mjini, barabara zimewekwa lami, na kuna mradi wa reli ya kisasa. Reli ya zamani ilifika hapa 1912, na hii mpya ndiyo imewafanya watu waanze kuulizia viwanja. Katika yote hayo mimi nilichofanya ni kupalilia ua.

Nikaanza kuizungusha hiyo milioni 74 kichwani. Niuze? Serikali inachukua asilimia 10 ya faida, dalali anachukua chake, na bado lazima nilale mahali. Nyumba ya namna hii Cheyo au Kiloleni, sehemu nyingine za mji huu huu, nayo imepanda vile vile. Nikope? Kuweka rehani nyumba ya ndoa kunataka ridhaa ya mwenzi, na mwenzi wangu alisema, "Maji ya kujengea nyumba hii nimeyabeba kwa kichwa. Sisaini." Mjadala ukafungwa. Nipandishe kodi? Vyumba viwili vya uani napangisha 40,000 kila kimoja. Nilijaribu 50,000, mpangaji mmoja akahama, chumba kikakaa wazi miezi miwili. Nimepoteza elfu themanini nikikimbiza elfu kumi.

Nikiri kwamba kupanda huku hakujanitoza kitu. Kodi ya jengo ni ile ile 1,500 kwa mwezi inayokatwa ukinunua umeme wa LUKU, thamani ipande isipande. Mpwa wangu aliyeko Texas ananiambia huko kodi ya nyumba hufuata thamani, hivyo jirani akiuza kwa bei kubwa yeye anaanza kuwaza bili. Sisi huku tunashangilia bure, na ni bure kweli.

Wapo waliofaidika, nisiwe mchoyo. Rafiki yangu tuliyefanya naye kazi stesheni aliuza nyumba yake Isevya, akarudi kwao Sikonge, akanunua nyingine na chenji ikabaki ya kufungua duka. Jirani mwenye viwanja vitatu aliuza kimoja akamalizia pagale lake. Yaani anayehama mji, au mwenye cha ziada. Mwenye nyumba moja anayoilalia hayumo katika hesabu hiyo.

Binti yangu wa pili ni nesi. Tangu 2019 anadunduliza kwa ajili ya kiwanja upande wa Malolo. Wakati ule cha milioni tano kilikuwepo, yeye akiwa na mbili. Sasa anazo sita na kiwanja kinaitwa milioni kumi na moja. Alipokuja nikampa ripoti kwa majivuno, akaisoma yote, hadi kurasa za sheria. Akasema, "Hongera baba. Sasa mimi nikajenge wapi?" Ripoti ya kurasa ishirini na mbili, hilo swali halimo.

Kwa hiyo kama unataka mkopo, unagawa mirathi, au kweli unauza, walipeni hawa watu, wanajua kazi. Hakikisheni picha ni zenu na mbwa amefungwa. Kama unataka tu kujua umekalia shilingi ngapi, laki tatu na nusu inanunua bati kadhaa.

Ripoti nimeihifadhi kwenye sanduku pamoja na hati. Vile vyumba vya uani tumekubaliana na mama yake binti tusivipangishe tena. Jumamosi iliyopita binti alikuja na futi, akapima kutoka ukuta wa jiko hadi shina la mwembe. Zikatoka mita kumi na moja. Anasema zinamtosha.