Nimepigwa leza ya kisigino mara nane, haya ndiyo niliyoyaona

Mimi ni msusi, hapa Dar es Salaam. Rasta nyembamba zinanisimamisha saa saba, siku nyingine nane, juu ya marumaru, na miaka yote kiatu changu cha kazini kilikuwa ndala. Mwaka jana mguu wa kulia ukaanza. Asubuhi nikishuka kitandani, ile hatua ya kwanza ni kama nimekanyaga msumari. Naenda chooni kwa vidole, nimeshika ukuta. Nikizungukazunguka yanapoa, jioni yanarudi na nduguze.

Saluni kila mteja ni daktari. Wa kwanza akasema gauti, niache nyama. Mwingine akaniletea mafuta ya nyonyo. Mama mmoja akanivuta pembeni: "Umekanyaga kitu mlangoni kwako, tafuta mtaalamu." Nikameza diklofenaki mwezi mzima hadi tumbo likaanza kuwaka, ndipo nikaenda hospitali.

Eksirei ilionyesha mfupa umeota kama mwiba. Nilishtuka, lakini daktari akasema wengi wanao na hawaumwi kitu. Kinachouma ni utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole, ndio unaoshikilia upinde wa unyayo. Wangu ulikuwa umechoka na kunenepa. Akanipa chaguo la sindano ya steroidi: inatuliza haraka, ila ikirudiwarudiwa inaweza kuchanisha huo utando na kunyausha mafuta yaliyo chini ya kisigino. Kwa mtu anayekula kwa kusimama, nikaona hapana. Ndipo akataja leza.

Nilianza kwa kosa la wengi, nikafuata bei. Mahali pa kwanza kijana alinigusisha kifaa kama tochi sehemu moja, dakika mbili, mkono wa pili anachati. Miwani ya kukinga macho hakunipa, wala yeye hakuvaa. Nilienda mara tatu, sikuona chochote, nikaacha. Hizo tatu sizihesabu kwenye zile nane.

Mahali pa pili fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, hakugusa mashine kwanza. Alinibonyeza kwa kidole gumba upande wa ndani wa kisigino, nusura nimpige teke. "Basi ni hapo," akasema. Nikamuuliza linaloniogopesha: hii si mionzi ya saratani? Akaniambia hapana, si kama eksirei, huu ni mwanga tu, mwekundu na ule usioonekana kwa macho. Unafyonzwa ndani ya chembe za mwili, chembe zinapata nguvu zaidi ya kujitengeneza na uvimbe unapungua. Kwa mashine ndogo, zisizozidi nusu wati, husikii kitu. Yake ilikuwa kubwa kuliko hizo, na hiyo unaisikia joto.

Alinisimulia pia kwamba mambo haya yalianzia Budapest, mwaka 1967, kwa daktari Endre Mester: alimulika panya walionyolewa, akaona manyoya yanaota upesi kuliko kwa wenzao. Hapo nikasahau mguu. Nina wateja kumi ambao rasta za kubana zimewamaliza nywele za mbele!

Kuna jambo sikuliona limeandikwa popote kwa ajili yetu. Weusi wa ngozi unafyonza mwanga, kwa hiyo ngozi nyeusi inapata moto haraka. Chini ya unyayo sisi sote ni weupe kidogo, mkono wake ukapita vizuri, joto kama la draya ikiwa mbali. Alipopanda nyuma ya kisigino, kwenye rangi yangu yenyewe, joto likaruka kama pasi. Nikasema "moto!", akapunguza nguvu na kuongeza mwendo wa mkono. Ukikaa kimya kwa adabu utaungua. Na kama una kisukari na miguu imekufa ganzi, sema kabla hajawasha, maana huo moto hutausikia. Mwenye saratani au mimba naye aseme mapema.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Baada ya mara ya tatu kisigino kikauma zaidi usiku ule, nikamtumia fizio ujumbe wa hasira. Baada ya ya tano, asubuhi moja nilijikuta niko chooni napiga mswaki, ndipo nikakumbuka kwamba sijashika ukuta. Nilipoanza nilijipa nane kwa kumi ya maumivu, ya mwisho nikasema tatu.

Je, ni leza? Siwezi kuapa. Siku hizohizo alikuwa amenipa zoezi la kusukuma ukuta ili misuli ya nyuma ya mguu ivutike, na la kuvuta vidole vya mguu kabla sijashuka kitandani, na akanipiga marufuku ndala. Daktari naye alishaniambia wengi hupona ndani ya mwaka hata bila mashine. Ninachojua, kabla ya leza zoezi la ukuta nililishindwa kwa maumivu, baadaye nikaliweza.

Nililipa shilingi 35,000 kila mara, jumla 280,000, bima ilikataa. Mapokezi walitaka nilipie mara kumi na mbili kwa mpigo, nikakataa, na nimefurahi nilikataa. Foleni ya kwenda na kurudi sijaitia kwenye hesabu.

Sasa ni mwezi wa nne tangu nimalize leza. Nasuka nimekaa kwenye stuli ndefu, na nikisimama navaa raba na dera, wateja wanacheka. Mwezi uliopita nilijidanganya na viatu bapa harusini, nikachechemea siku mbili. Chupa ya maji ya kubiringisha chini ya unyayo ikarudi kwenye friza, katikati ya barafu za ubuyu ninazouza. Mwanangu ameiandika kwa kalamu ya wino: YA MGUU WA MAMA, USINYWE.