Semina ya siku moja au kubadili usaili?

Idara ya upasuaji ya chuo kikuu ikitaka kuwa na wanawake na watu wa jamii zilizoachwa nyuma, mara nyingi hukimbilia semina kuhusu upendeleo usio wa makusudi. Ni rahisi: ukumbi, mwezeshaji, muda wa saa tatu, cheti. Watu hutoka na msamiati mpya, na hilo si haba, maana jambo lisilo na jina ni gumu kulijadili. Lakini kesho yake wakuu wale wale wanaketi kwenye usaili ule ule, na anayewakumbusha ujana wao ndiye anayepita.

Njia ya pili ni kuugusa usaili wenyewe. Vigezo vinaandikwa kabla ya maombi kufunguliwa, kila mwombaji anaulizwa maswali yale yale, na kila msaili anaweka alama peke yake kabla ya mjadala. "Huyu ni mwenzetu" si kigezo tena. Tafiti za miongo mingi zinaonyesha usaili wa namna hii hubashiri utendaji kazi vizuri kuliko mazungumzo huru. Kasoro yake? Unachosha, na maprofesa wazoefu huona wananyang'anywa jicho lao.

Mimi ningeanza na usaili. Ila nao unaishia mlangoni. Nani atashika kisu na nani atashikilia tu kingo za jeraha hupangwa baadaye. Hata vifaa vina lake: glavu za upasuaji zina saizi kuanzia 5.5 hadi 9, ilhali stepla nyingi za upasuaji, yaani vifaa vya kufunga jeraha kwa pini, zina mshikio wa ukubwa mmoja, na mwenye kiganja kidogo huambiwa hana nguvu.