Mbeya kwenda Dar: ununue tiketi ipi?

Kutoka Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, hadi Dar es Salaam kwa anga ni kama kilomita 690. Kwa barabara ya TANZAM zinazidi 820. Usilinganishe kilomita. Hesabu saa, kuanzia mlangoni kwako Uyole au Soweto hadi unakokwenda.

1. Ndege. Airbus A220 huruka saa moja na robo hivi. Dash 8-Q400 ya panga boi huchukua saa moja na nusu au zaidi kidogo. Usiongeze hela kwa tofauti hiyo, maana muda mwingi unaliwa chini. Mwanjelwa hadi Songwe ni kama kilomita 25 kupitia Mbalizi, njia ileile ya malori ya Tunduma: tenga saa nzima. Fika saa moja na nusu kabla ya kuruka. Hadi Posta, katikati ya Dar, jumla ni saa tano au sita.

Kinachoharibu ni ukungu. Ndege utakayopanda inatoka Dar. Rubani asipoiona njia ya kurukia hatui, na wewe huondoki. Kwa hiyo msimu wa mvua chukua ya mchana, si ya alfajiri. Mwenye ndege ya nje ya nchi aondoke siku moja kabla, au akate safari zote kwa tiketi moja. Jina lilingane na kitambulisho. Gunia la mchele wa Kyela litume kwa basi. Kwenye ndege kilo za ziada hulipiwa, na si kidogo.

2. Basi la viti viwili kwa viwili. Ni saa 12 hadi 14, na hakuna dereva wa kuzipunguza kihalali: Mikumi, kama kilomita 50 ndani ya hifadhi, mwendo una kikomo, na mlima Kitonga lori moja likiharibika foleni inasimama. Kaa katikati, nyuma ya tairi za mwisho kila tuta ni lako. Kata ofisini au mtandaoni, si kwa mpiga debe, na uone muda na namba ya basi kwenye tiketi. Mwisho ni stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na Posta bado mbali.

3. Basi hadi Morogoro, kisha treni ya umeme ya SGR, inayofanya kazi tangu Juni 2024. Unakwepa foleni ya Chalinze na Kibaha, unashukia katikati ya Dar. Ila stesheni iko Kihonda, si Msamvu kwenye stendi ya mabasi, na basi likichelewa treni haitakusubiri. Usikate treni ya karibu mno.

4. Treni ya TAZARA. Nunua kwa ajili ya mahandaki na madaraja ya Mlimba hadi Makambako, si kwa haraka. Kwanza uliza stesheni kama treni ipo.

Aliye Iringa asiihesabu Songwe kabisa: ni zaidi ya kilomita 300 kurudi nyuma, wakati Dar ni kama 500 kwa basi.