Jina Litakuja: Tathmini ya *106# na 15040

"Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja." Baada ya hapo hufuata jina la mtu, na ujumbe unaishia hapo. Sidhani kama kuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kuupokea, na wengi wetu huufuta huku tukisonya. Mimi pia nilikuwa naufuta, hadi mwezi niliokuwa nimeahidi kulipa kodi ya nyumba ya miezi sita, ujumbe ukaingia asubuhi ileile niliyokuwa naangalia salio, na nikajikuta nimeshafungua menyu ya kutuma fedha. Jina lilikuja kweli, kama nilivyoahidiwa. Kilichoniokoa ni kwamba lilikuwa jina la mwanamke, ilhali mwenye nyumba wangu ni mzee wa kiume ambaye hata mke wake hamwachii simu. Tangu siku hiyo nimezitumia kwa makusudi huduma za kujikinga na utapeli wa simu, hasa mbili ambazo watu huzisikia redioni bila kuzijaribu, yaani *106# na 15040.

Ni vizuri kwanza kuelewa ujumbe huo unavyofanya kazi, kwa sababu huduma hizi hazipimiki bila hilo. Anayeutuma hakujui. Anautuma kwa watu wengi kwa wakati mmoja akijua kwamba miongoni mwao hakosi aliyeagana na mtu kumtumia fedha asubuhi hiyo, iwe ni kodi, ada ya mtoto au deni la vikoba. Maneno mawili ya mwisho ndiyo yenye ufundi. Mifumo yetu ya fedha za simu humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla hajaweka namba ya siri, na jina hilo liliwekwa ili liwe kinga; tapeli analitangaza mapema, na lile ambalo lingekushtua linageuka kuwa uthibitisho kwamba hujakosea. Nilipotulia nilijiuliza swali ambalo ndilo lililonifikisha kwenye *106#: yule mwanamke ni nani?

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini tarehe 1 Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa kwa mfumo huo zikaanza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020. Kwa hiyo kila laini inayotuma "ile hela" ina kitambulisho cha NIDA nyuma yake na ina kidole cha mtu. Huyo mtu si lazima awe tapeli. Mara nyingi ni mtu aliyekwenda kusajili laini yake moja chini ya mwamvuli wa wakala wa barabarani, akaambiwa "kidole hakijasoma, rudia", akarudia, kisha akaondoka bila kujua kwamba kidole kilisoma mara zote mbili na kwamba laini ya pili imebaki mfukoni mwa mtu mwingine.

Huduma ya *106# ilitengenezwa kwa ajili ya tatizo hilo. Unapiga, menyu inafunguka, na unaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho. Haihitaji intaneti wala simu janja. Kitochi cha mama yangu kinaifungua sawasawa na simu yoyote ya bei mbaya. Ushauri wangu ni kwamba uwe na namba yako ya NIDA karibu, imeandikwa kwenye karatasi. Tarakimu ni 20, nane za kwanza ni tarehe yako ya kuzaliwa na hizo hazisumbui mtu, lakini ukianza kupekua pochi kutafuta 12 zilizobaki menyu itakuwa imeshajifunga, na utalazimika kuanza upya.

Mara ya kwanza nilikuta laini nne, wakati mimi ninazo tatu. Niliitazama ile ya nne kwa muda mrefu. Sikuwa na kumbukumbu nayo hata kidogo, ila nilimkumbuka vizuri kijana mmoja karibu na stendi ya mabasi aliyenifuta kidole kwa kitambaa na kuniomba nikibandike tena kwa sababu jasho lilikuwa limezidi. Nilikwenda katika duka la mtandao uliohusika nikiwa na kitambulisho, nikaeleza, nikaweka kidole kwa mara nyingine, na siku chache baadaye nilipopiga tena orodha ilikuwa na laini tatu. Sitajua kamwe ile laini ilikuwa inatumika kwa kazi gani, na wala sijui kama kuna mtu mahali fulani aliyewahi kuambiwa "jina litakuja", likaja langu.

Kasoro kubwa ya *106# ni kwamba inajibu tu ukiiuliza. Laini ikisajiliwa kwa jina lako kesho, utaijua siku utakayokumbuka kupiga. Ujumbe wa kumjulisha mwenye kitambulisho kila laini mpya inapofunguliwa ungemaliza nusu ya kazi, na ningeupokea kwa furaha kuliko ujumbe wa kuniambia nimeshinda dakika kumi za maongezi. Hata hivyo, katika yote niliyoyajaribu, hii ndiyo ninayoipa alama za juu zaidi, kwa sababu inafika mahali utapeli unapoanzia.

Namba 15040 ni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kwa ajili ya kuripoti ujumbe wa utapeli. Unautuma kwenye namba hiyo ujumbe wenyewe kama ulivyoingia, nao mfumo unakujibu ukikutaka uandike namba iliyokutumia. Hatua hii ya pili huwashinda wengi, kwani hudhani wameshamaliza. Ni ya lazima, kwa kuwa ujumbe ukisambazwa kwenda kwingine unafika na namba yako wewe, si ya tapeli. Basi nakili namba ya tapeli mahali kabla hujaanza, na usiufute ujumbe kwa hasira. Kazi nzima kwangu huchukua dakika moja hivi.

Je, inasaidia? Kwa mtu mmoja mmoja, hutaona tofauti siku hiyo wala wiki hiyo, na namba ikifungiwa tapeli hufungua nyingine, jambo ambalo ndiyo sababu nimeanza na *106#. Faida yake iko kwenye jumla. Takwimu za robo mwaka za TCRA huonyesha majaribio ya utapeli kimkoa, na Rukwa na Morogoro zimekuwa zikitajwa mara kwa mara kuwa juu, taarifa ambayo marafiki zangu wa Sumbawanga hawapendi kabisa kuulizwa wanapofika Dar es Salaam. Udhaifu wa 15040 ni kwamba imejengwa kwa ujumbe wa maandishi, wakati matapeli waliokomaa hupiga simu.

Na hupiga kwa adabu. Mama alipigiwa na sauti iliyoanza na "Shikamoo mama, habari za nyumbani", ikajitambulisha kuwa inatoka makao makuu ya mtandao wake, ikamweleza kwamba laini yake itafungiwa jioni asipoihakiki. Kisha ikamwelekeza abonyeze hatua moja baada ya nyingine, na hatua hizo zilikuwa zilezile za kutuma fedha, isipokuwa yule kijana alikuwa akiziita "kuhakiki". Mama alistuka alipoombwa namba ya siri, akasema, "Subiri mwanangu, nimuulize kwanza kaka yako," na simu ikakatika upande wa pili. Kinga ya simu za aina hii ni kanuni moja ambayo TCRA imekuwa ikiirudia: mtoa huduma anayempigia mteja hutumia namba 100, na si namba ya kawaida ya tarakimu kumi. Kwa mzee asiye na simu janja, hakuna programu inayoshinda kanuni hiyo, kwa sababu anaweza kuitumia hata akiwa shambani.

Wenye simu janja hukimbilia Truecaller, programu iliyoanzishwa Stockholm, Sweden, mwaka 2009. Inafanya kazi yake: ukipigiwa na namba ngeni, mara nyingi unaona jina, na namba zilizolalamikiwa na watumiaji wengi huja zikiwa na rangi nyekundu. Ninaitumia, lakini kwa tahadhari mbili. Kwanza, majina yake hutegemea sana watumiaji wenyewe, na ndiyo maana mtu wa heshima anaweza kuonekana kwenye simu yako kama "Fundi Bomba Msumbufu". Pili, hukumu yake huja baada ya watu kulalamika, hivyo laini iliyosajiliwa jana inapita ikiwa safi kama maji ya chupa.

Mahali ambapo Truecaller inanifaa zaidi ni kwa wale ambao si matapeli, bali ni wasumbufu: wauza bima, wauza viwanja, na wadai wa mikopo ya mtandaoni wanaokupigia kwa sababu jirani yako alikopa na namba yako imo kwenye simu yake. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzizuia programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na tangu hapo simu za aina hiyo kwangu zimepungua, ingawa hazijaisha. Kwa wauza viwanja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kukataa taarifa zako zisitumike kwa matangazo ya biashara. Nimewahi kuitaja sheria hiyo kwa jina nikiwa kwenye simu na muuzaji mmoja. Alinyamaza kidogo, akasema "samahani kaka", na hakupiga tena. Namba yangu ameitoa wapi, hakusema.

Fedha zikishaondoka, acha 15040 kwa muda. Piga 100 papo hapo uombe muamala uzuiwe, kisha nenda kituo cha polisi ukachukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa uliyoitoa, maana bila RB hutafika mbali. Haraka hapo ni ya dakika, kwa sababu fedha hutolewa kwa wakala upesi sana.

Mama hajui kwamba # ina jina lingine zaidi ya reli. Nimemwandikia kwenye kalenda ya ukutani, chini ya namba ya mita ya LUKU: nyota, moja, sifuri, sita, reli, na pembeni zile tarakimu 20. Kila mwanzo wa mwezi hunipigia kunisomea idadi ya laini alizozikuta. Mwezi huu ni moja.