Huduma ya kupanga nota za orkestra, Kampala: klarineti safi, saksofoni bado

Karatasi za klarineti ni kazi ya mtu anayeijua ala. Klarineti ya B flati (C iliyoandikwa husikika B flati) imeandikwa toni moja juu ya sauti halisi, na vipande vya kasi havichezi huku na huko kati ya A na B za katikati ya mistari, pale vidole vinapotoka karibu vitupu na ghafla kuziba karibu matundu yote.

Saksofoni ya alto ndiyo imeharibika. Nayo imepandishwa toni moja tu, kana kwamba ni klarineti, ilhali alto ni ya E flati (C iliyoandikwa husikika E flati) na hupandishwa nusu-toni 9. Matokeo: wengine wanapiga C, mpiga saksofoni anatoa F. Mazoezi yanasimama hapo hapo.

Basuni haihamishwi, yaani huandikwa kama inavyosikika, kwa hiyo nota ni sahihi. Ila kumpa mpigaji wake B flati ya chini kabisa na kumtaka apige kwa sauti ndogo ni kumwonea. Nota hiyo hutoka nzito. Ipandishwe oktava.

Karatasi imara, kurasa zinageuzwa penye mapumziko. Kabla ya kulipa salio, kagua nota ya kwanza ya kila ala kwa kinanda.