Acha kuuliza "namba gani", uliza mkanda: magari ninayoyapendekeza na ninayoyakataa Dodoma

Malalamiko ya wasomaji ndiyo yaliyonikalisha chini kuandika haya. La karibuni ni la mwalimu mmoja wa Manyoni. Alinunua gari la saluni la silinda sita kwenye yadi ya hapa mjini, namba E, rangi inang'aa, akahakikishiwa kuwa gari limeingia nchini juzi tu. Akiwa njiani kwenda Morogoro, kabla hajafika Kibaigwa, injini ikazima ghafla, bila moshi na bila kupanda joto. Kila akipiga stata, injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, haishiki. Fundi alipofungua kava la mbele alikuta mkanda wa taimingi umenyofoka meno kipande cha urefu wa kiganja, na valvu zimepinda. Muuzaji amemjibu kwamba gari likishatoka getini si lake tena.

Ujumbe wa namna hii ninao mwingi. Mnunuzi anauliza herufi ya namba, anauliza ulaji wa mafuta, anajaribu AC, anakagua rangi, wengine wanalala hadi chini kuangalia kama kuna oili inavuja. Hakuna aliyeuliza kama injini ina mkanda au cheni, na kama ni mkanda, una miaka mingapi. Kwa hiyo leo ninapanga magari kwa kipimo hicho kimoja tu. Ulaji wa mafuta na upatikanaji wa spea mtaambiwa na kila mtu.

Kazi ya mkanda huu wa mpira, au ya cheni ya chuma kwenye injini nyingine, ni kuunganisha krankishafti (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayosukuma valvu), ili valvu zifunguke na kujifunga kwa zamu na pistoni. Ukikatika, kamshafti inasimama; ukiruka meno machache, inapoteza zamu yake. Kwa vyovyote baadhi ya valvu zinakuwa wazi huku pistoni bado zinapanda. Kwenye injini nyingi zinagongana. Breki zikiisha zinalia, klachi ikichoka inateleza, lakini mkanda unaweza kukaa kimya mpaka dakika ya mwisho, halafu unaondoka na silinda hedi nzima. Ndiyo maana nimeukazania.

Sasa hiyo herufi inayowapandisha wauzaji bei. Namba D au E inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Gari la 2003 lililoingia nchini 2023 litakuwa na namba mpya, na mkanda wake unaweza kuwa ule ule wa kiwandani. Mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa chini ya mwembe. Kwa Toyota nyingi kipimo cha Japani ni kilomita 100,000, lakini kilomita za dashibodi za gari la mtumba zimerudishwa nyuma mara nyingi mno kuziamini peke yake. Inaniuma kwamba mnunuzi analipishwa ushuru wa uchakavu kwa sababu gari lina umri, halafu kwenye yadi umri huo huo unafutwa kwa maneno mawili, "namba mpya".

Na sisi wa Dodoma tuna mambo mawili yetu. La kwanza ni vumbi. Mafundi wengi wakishafungua kava la mkanda hulirudisha na boliti mbili badala ya zote, au wanaliacha kabisa. Ukiishi Nala au mitaa mipya ya Nzuguni ambako lami haijafika, mchanga laini unaingia humo ndani na kula mkanda na beringi ya tensheni, ile inayoukaza mkanda. La pili ni magari yanayokaa silensa. Nendeni Mtumba, kwenye mji wa serikali, saa saba mchana mkaone: dereva anamsubiri bosi, AC inanguruma, injini inazunguka saa nzima bila gari kusogea hata mita moja. Mkanda unafanya kazi, kilomita hazihesabiki. Gari la namna hiyo likija kuuzwa lina "kilomita chache", na kila mtu analikimbilia.

Kabla ya orodha, vitu viwili vya kufanya ukiwa umesimama mbele ya gari.

Fungua boneti utafute stika. Mafundi wa Japani wakibadilisha mkanda hubandika stika ndogo kwenye kava la mkanda au mahali palipo wazi karibu na injini, wakaandika tarehe na kilomita. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni zetu. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu yao: ukiona H au 平成, jumlisha 1988, kwa hiyo H22 ni 2010. Ukiona R au 令和, jumlisha 2018. Linganisha kilomita za stika na za dashibodi. Stika ikisema 98,000 na dashibodi ikasoma 76,000, umeshajua unaongea na mtu wa namna gani. Hakuna stika? Kava la juu kwenye Toyota na Subaru nyingi linafunguka kwa spana namba 10. Angalia mgongo wa mkanda kama una nyufa au umeng'aa, angalia kama umelowa oili kutoka kwenye oili sili ya kamshafti. Mkanda mpya maandishi yake yanasomeka vizuri; wa zamani yamefutika. Lakini mkanda unaoonekana mzima usikutulize, maana mpira wa kisasa hauonyeshi nyufa mapema kama wa zamani.

Kama injini ina cheni, sikiliza ikiwashwa baridi. Mpigie muuzaji simu usiku, mwambie asiguse gari mpaka ufike. Ukifika, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine, na usikubali maelezo. Asubuhi ya Juni au Julai, upepo wa Dodoma ukiwa unakata, cheni iliyolegea inalia "krrr" sekunde chache za mwanzo kabla presha ya oili haijafika kwenye tensheni. Injini ikishapata moto unaweza usiisikie kabisa, na ndiyo maana wengine huliwasha gari kabla hujafika.

Nafasi ya kwanza: Toyota zenye injini za NZ

Ninaipendelea Toyota na sitaki kuzunguka. 1NZ-FE ya cc 1500 na 2NZ-FE ya cc 1300 zina cheni, na ndizo injini zilizoko kwenye IST ya kwanza, Raum ya kuanzia 2003, Spacio mpya, Runx na Allex za cc 1500, na Premio na Allion za cc 1500. Kwa mtu anayeishi Kisasa, anafanya kazi mjini na mara moja moja anakwenda Singida au Dar, sioni sababu ya kutafuta kingine.

Shida ni majina. Muuzaji anakwambia "Raum", lakini Raum ya kwanza, iliyotengenezwa mpaka 2003, ina injini ya 5E-FE yenye mkanda. Spacio ya kwanza nayo ina mkanda. Iliyoanza 2001 ina cheni. RAV4 ya kwanza, ile fupi ya miaka ya tisini, ina 3S-FE yenye mkanda. Iliyofuata kuanzia 2000 ina cheni. Mtego mkubwa kuliko yote ni Harrier. Ile inayoitwa mtaani Tako la Nyani, ikiwa ya cc 2400, ina 2AZ-FE, ni cheni. Tako la Nyani hiyo hiyo ya cc 3000 ina 1MZ-FE, ni mkanda, V6, na mkanda wake unazungusha wota pampu pia. Nje yanafanana kama pacha. Kwa hiyo usiulize jina la gari. Soma alama ya aina ya injini, kama 1NZ-FE, kwenye kibati chini ya boneti, piga picha, umpelekee fundi wako.

Cheni si ya milele. Tensheni yake inasukumwa na presha ya oili, hivyo mwenye gari aliyekuwa anapitiliza sevisi ameimaliza cheni hata kama hajui. Kwa vumbi na foleni zetu, oili kila kilomita 5,000.

Ya pili: kwa wanaokwenda porini

Watumishi wa miradi wa Chemba, Kiteto na Mpwapwa huniuliza Prado. Jibu langu ni petroli, 2TR-FE ya cc 2700, yenye cheni. Inakunywa zaidi kuliko dizeli, ndiyo, lakini dizeli mnazozililia, 1KZ-TE ya zamani na 1KD-FTV iliyoifuata, zote zina mkanda, na dizeli ikikatika mkanda hakuna bahati. Aliyeng'ang'ania dizeli aangalie taa ya T-BELT. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha, taa za onyo huwaka kwa muda, na hiyo imo. Kama haiwaki kabisa, huenda kuna mtu ameishughulikia ili usiione. Land Cruiser mkonga yenye 1HZ ninaiheshimu mno, na mkanda wake ni rahisi kuubadilisha, lakini nyingi zilizotoka serikalini zinauzwa bila hata karatasi moja ya sevisi.

Ya tatu

Nissan X-Trail ya cc 2000, Honda Fit ya kwanza, Suzuki Swift ya cc 1300: cheni zote. Kwa kipimo cha leo zimefaulu. Ninayo maneno juu ya giaboksi za baadhi yake, lakini si leo.

Ya nne: nunua ukiwa na hela ya mkanda mkononi

Hapa naiweka Subaru Forester na Impreza zenye injini za EJ, na Mark II Grande GX110 yenye 1G-FE. Vijana wa UDOM na wa Area C wanazipenda na siwalaumu, zinatembea. Lakini EJ20 mkanda wake unapita kwenye puli kadhaa na unazungusha wota pampu. Beringi moja ikikwama, mkanda umekwenda na valvu zimekwenda. Kama moyo wako uko Subaru, tafuta Forester isiyo na turbo yenye injini ya FB20, ambayo ina cheni. Ni ghali zaidi, na ninaona inastahili.

Za bei ya chini, Carina Ti na Corolla 110, sitakaa nazo. Zina mkanda, ila injini kama 7A-FE ukikatika valvu hazigongani na pistoni: unavutwa, unafunga mwingine, unaendelea.

Ninazozikataa

Magari ya Ulaya yenye mkanda unaozungukia ndani ya oili. Yameanza kuonekana mjini, na yanavutia kwa sababu ni ya miaka ya karibuni na ndani ni mazuri. Peugeot na Citroën zenye 1.2 PureTech, na Ford zenye 1.0 EcoBoost, ndizo nilizoulizwa. Mkanda wa mpira unaogelea kwenye oili, na petroli ikijichanganya na oili hiyo, mpira unalainika na kumeguka. Vipande vinakwenda kuziba chujio la pampu ya oili, kwa hiyo injini inaweza kukosa oili hata kabla mkanda haujakatika. Watengenezaji wenyewe wamerudi kwenye cheni kwenye matoleo mapya. Hapa Dodoma, ambako oili "original" inauzwa kwenye galoni ambalo hujui lilijazwa wapi, gari hilo halina nafasi.

BMW yenye dizeli ya N47 nayo nimeikataa ingawa ni cheni. Cheni yake iko nyuma, upande wa giaboksi, na zile za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa kuchakaa mapema. Kuifikia ni kazi ya kushusha injini.

Neno kwa wauza spea. Mnatuuzia mkanda uliotolewa kwenye injini ya mtumba, mmeusafisha kwa petroli, mnauita "OG ya Japani". Mnatuuzia boksi lenye jina kubwa na ndani kuna mpira unaonuka kama ndala mpya. Mkanda halisi wa Toyota una namba ya spea inayoanza na 13568, imechapishwa kwenye boksi na kwenye mkanda wenyewe. Mitsuboshi, Bando na Gates nao wanachapa namba zao wazi. Msomaji, mkanda usio na namba usiupokee hata kwa nusu bei. Na unapobadilisha, badilisha na beringi ya tensheni, puli zake, oili sili za mbele, na wota pampu kama inazungushwa na mkanda huo huo, kwa sababu ufundi wa kufungua ni ule ule. Anayefunga injini ya mtumba afunge mkanda mpya ikiwa bado iko chini, kwenye benchi, sehemu zote zikiwa zinafikika.

Gari la mkanda lisilo na stika wala risiti, muuzaji hana hoja ya kukataa kupunguza. Pata kwanza bei ya seti nzima pamoja na ufundi kutoka gereji mbili, nenda nayo yadi, itolewe kwenye bei ya gari. Akisema mkanda alishabadilisha, sawa: iandikwe kwenye mkataba wa mauziano, tarehe, kilomita na gereji iliyofanya kazi, asaini yeye na dalali wake, na risiti ibaki kwako.