ELM327: kidude cha kumnasa mwizi wa petroli
Ni kisomaji cha kompyuta ya gari, na mwizi ni hitilafu inayofanya gari linywe mafuta kupita kiasi. Unakichomeka kwenye soketi ya OBD2 (tundu la kupimia hitilafu za gari) chini ya usukani, kinasomeka kwenye simu kwa Bluetooth. Usikinunue kwa ajili ya kufuta taa ya injini tu. Endesha dakika 20, kisha angalia joto la maji: likigota nyuzi 65 badala ya 85 hadi 90, thamostati (vali inayodhibiti joto la maji ya injini) imekwama wazi, kompyuta ya gari inadhani injini bado ya baridi na inazidisha mafuta. Mafundi wengi hukimbilia plagi! LTFT (asilimia ya mafuta ambayo kompyuta huongeza au kupunguza kwa muda mrefu) ikishuka chini ya -10%, mchanganyiko ni mzito, yaani mafuta ni mengi kuliko hewa; kagua nozeli zinazovuja na sensa ya oksijeni. Kopi nyingi za ELM327 zenye alama v2.1 hukatakata mawasiliano. Na breki zinazoshika au tairi zenye upepo mdogo, ambazo nazo hula mafuta, kidude hiki hakizioni.